Pikapu ya Rweyemamu

Miaka ile mtu wa kijijini aliweza kugombana na yeyote amtakaye: mkewe, jirani yake, hata katekista. Lakini hakuna aliyegombana na Rweyemamu, kwa sababu Rweyemamu ndiye aliyekuwa na pikapu.

Ilikuwa Toyota ya buluu iliyopauka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, na upande wote ule wa Kagoma, wilayani Muleba, hapakuwa na gari jingine lililokubali kubeba maiti. Mabasi yalikataa. Wenye malori walikuuliza kwanza marehemu alikuwa anaumwa nini, na ukisita kidogo tu wakakumbuka kwamba leo wanapita njia nyingine. Rweyemamu hakuuliza. Alitia mafuta, akaenda Bukoba hospitalini, akamleta mtoto wa watu alale kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba, mahali ambapo Mhaya anatakiwa kulala. Maana kuzikwa mjini na manispaa, pasipo na mgomba wala mtu wa ukoo, kwao ni sawa na kutupwa. Waswahili wanasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwaka ule wa 1992 hakuna nyumba iliyojua kama zamu yake imekwisha, kwa hiyo hakuna aliyemtukana mwenye pikapu.

Kokuberwa alilijua hilo kuliko wengi. Mume wake alirudi nyumbani kwa pikapu hiyohiyo. Na sasa mdogo wake, Buberwa, alikuwa amelazwa mjini, mwepesi kama mtoto, na daktari alikwisha kuacha kusema "tutaona".

Huyu Buberwa alikulia mgongoni kwake. Mama yao alipokufa, Kokuberwa alikuwa binti mdogo tu, lakini ndiye aliyembeba, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule. Baada ya vita vya Uganda kijana alijiingiza kwenye magendo ya mpakani, akawa analeta vile vitambaa vya Juliana vilivyowatia watu wazimu. Ugonjwa nao ulipoanza kuua wafanyabiashara wa mpakani, watu wakauita Juliana vilevile, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Baadaye Buberwa alitulia, akapata kazi dukani kwa Mama Anasuya pale Miembeni. Mama Anasuya alikuwa mmoja wa Wahindi wachache waliobaki Bukoba wenzao walipohama. Ndiko ugonjwa ulikomkuta. Kokuberwa alipokwenda kumwona mara ya mwisho, alimshika mkono akamwambia, "Dada, usiniache huku. Unilaze karibu na tata." Tata kwa Kihaya ni baba, na kila mzee wa kuheshimiwa. Akamwahidi. Ahadi yenyewe ilikuwa haina njia nyingine isipokuwa ile Toyota ya buluu.

Sasa shida ni kwamba Rweyemamu hakuwa mwenye pikapu tu. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya misaada ya wajane na yatima, na Kokuberwa alikuwa mjumbe wake.

Mwanzoni mwa mwaka lori lilileta mabati ya wajane. Nyumba chache zikaezekwa, za mwanzo mwanzo, watu wakapiga vigelegele. Kisha mwenyekiti akasema mabati yamekwisha. Haikupita muda ghala lake la kahawa, lililokuwa la nyasi tangu enzi za baba yake, likaanza kung'aa. Jamani, mtu anaweza kuficha pesa, anaweza kuficha mimba kwa miezi michache, lakini bati jipya juani halina maficho. Jumapili watu walikwenda misa wakipita chini ya mng'ao ule, na wote kwa pamoja walikuwa wameanza kuangalia sana wanapokanyaga. Nyumba ya Maulida, mjane mwenye watoto wadogo, ilikuwa pale bondeni, na mvua ikinyesha aliwahamishia watoto chini ya kitanda.

Kokuberwa aliliona lile bati kila siku. Alinyamaza. Alikuwa akimfikiria Buberwa.

Mambo yangeendelea hivyo kama si ule mpango wa ng'ambo. Kamati za Kagera na za Rakai, kule Uganda, zilikuwa zimekutana Bukoba zikalia pamoja, maana ugonjwa ulikuwa mmoja, na malalamiko ya wajane yalikuwa yaleyale pande zote mbili. Wakakubaliana watembeleane. Mgeni akija, wenyeji wamweleze mbele ya kijiji kizima kilichopokewa na kilikokwenda, naye aulize anachotaka, mahali pa wazi, si ofisini. Sababu ilikuwa nyepesi: nyumbani kila mtu ni shemeji wa mtu, na shemeji haulizi. Mgeni atauliza, kisha atapanda gari aende kwao. Kokuberwa aliinua mkono kukubali. Rweyemamu naye aliinua wake, juu kabisa, kwani kuinua mkono kunagharimu nini?

Wahaya walitangulia kwenda. Huko Rakai, mbele ya watu waliojaa uwanja, Kokuberwa alisimama bila kutetemeka akamuuliza mwenyekiti wao magodoro ya yatima yako wapi. Mwenyekiti huyo, mwalimu mstaafu aitwaye Ssemanda, alitokwa na jasho, akamtazama mkewe aliyekaa mstari wa mbele, akakiri kwamba mawili yako chumbani kwake. Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kokuberwa alirudi nyumbani akijiona jasiri. Hakujua bado kwamba ujasiri wa ugenini ni wa kuazima.

Zamu ya Warakai kuja Muleba ilipokaribia, kijiji kilianza kunung'unika. Mzee Mwijage, mjuzi wa mila zote na mpenzi wa lubisi, pombe ya ndizi, alisema kwa sauti, "Hawa si ndio waliotupiga mabomu juzi juzi? Leo wanakuja kutukagua!"

"Waliotupiga ni askari, tata," Kokuberwa akamjibu. "Hawa ni wajane na walimu."

"Bomu halina cheti cha ualimu," Mwijage akasema, akaondoka akiwa ameridhika na nafsi yake.

Rweyemamu ndiye aliyewashangaza watu. Hakununa hata kidogo. Alisema wageni watapokelewa nyumbani kwake, kwa gharama yake. Akatandaza nyasi mpya nyumba nzima na uani, akachinja mbuzi, akapika ndizi za kutosha harusi. Na juu ya paa la ghala alikuwa ameanika majani makavu ya migomba, yamelifunika lote, kana kwamba kuna mtu duniani aliyewahi kuanika majani ya migomba juu ya paa. Mtu akila mbuzi wa mwenzake hatazami juu.

Ssemanda alikuja na wenzake wawili. Alipopewa nafasi ya kusalimia, aliomba radhi kwanza. "Kiswahili changu mtanisamehe. Sisi kwetu tulifundishwa na askari, tukijifunza kwa kuamriwa lala chini, toa pesa. Leo nimekuja kukisema kwa amani." Watu wakampenda palepale. Kisha akasema, "Mwezi uliopita huyu mama aliniuliza habari ya magodoro. Mke wangu mpaka leo hajanisamehe, lakini watoto wanalalia. Basi na mimi nimekuja kuuliza."

"Utauliza, waitu, mwenzetu, utauliza," Rweyemamu akasema kwa uchangamfu, akasimama. "Lakini mtu hauulizi ukoo kabla ya kuingia kwenye ukoo. Vita vilitutenganisha. Babu zetu walikuwa wananywana, Mganda na Mhaya, kwa omukago. Mimi leo, mbele ya watu wangu, nataka kunywana na huyu bwana. Awe ndugu yangu wa damu. Mwijage! Leta kahawa."

Makofi yakalipuka. Wazee wengine machozi yaliwatoka kabisa, kwa sababu omukago ulikuwa haujaonekana pale tangu vita. Kila mtu aliujua. Wawili wanakatwa kidogo karibu na kitovu, buni moja inapasuliwa, kila nusu inapakwa damu, na kila mmoja anakula nusu yenye damu ya mwenzake kutoka kiganjani mwake. Tangu hapo ni ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Hamnyimani kitu. Na hapa ndipo Kokuberwa alipouona mtego: ndugu wa omukago hamshtaki mwenzake, hamuumbui, hamuulizi mbele za watu. Akifanya hivyo, ile buni itamvimba tumboni imuue. Ndivyo walivyoapa babu zao, na hata waliokuwa hawaamini walikuwa hawajaribu.

Ssemanda angekataa, angekuwa amewatukana Wahaya kwenye nyumba yao. Angekubali, angerudi Rakai na mdomo uliofungwa kwa heshima zote. Alikuwa Mganda wa kizamani, akajua vizuri kabisa anafungwa nini, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kufungua vifungo vya shati.

Mwijage akaja na kikapu cha buni na wembe. Wembe mmoja.

Kokuberwa akajikuta amesimama. "Tata Mwijage, ngoja."

"Wembe huo mmoja, matumbo mawili," akasema. "Miaka hii. Mume wangu nilimzika, mdogo wangu anakufa mjini, na ninyi wote mnajua kwa ugonjwa gani, kwa sababu ndio uliowaua wa kwenu pia. Ni UKIMWI. Hauna mila wala mgeni. Hatuchanji watu hapa."

Hakuna aliyewahi kulitaja jina hilo mbele ya mkutano, huku jua likiwaka na sahani za ndizi na nyama ya mbuzi zikiwa mikononi. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Ssemanda akafunga shati lake haraka kama mtu aliyeokolewa majini. "Mama amesema kweli," akasema. "Kwetu tumeacha."

Kokuberwa akadhani amemaliza. Alitaka kukaa. Lakini Rweyemamu hakuwa mtoto.

"Kweli kabisa, mama yetu," akasema kwa upole. "Tuache damu. Tutakula kahawa tupu. Kiapo kiko kwenye kahawa, damu ni nyongeza tu. Sivyo, Mwijage?" Mwijage akatikisa kichwa kukubali, kwa furaha ya kuulizwa. Na Rweyemamu akachukua buni, akamgeukia Kokuberwa, akauliza, kama jirani mwema anavyouliza, "Na Buberwa wetu, anaendeleaje huko mjini?"

Kila mtu alisikia swali. Wachache walisikia lililokuwa ndani yake. Kokuberwa alilisikia lote. Aliiona ile Toyota pale kando ya migomba, na kamba yake ya katani mlangoni. Alitamani sana kuketi. Hata jibu lilikuwa tayari mdomoni: anaendelea vizuri, asante, tata. Kisha ale mbuzi wake anyamaze kama watu wote.

Akamtazama Maulida aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, na mtoto mgongoni.

"Hajambo kidogo," akasema. "Anakusalimu." Kisha, kabla woga haujamrudia, "Na mimi nina swali, mwenyekiti, kabla hamjala hiyo kahawa, maana mkishaila mgeni wetu hataweza kuuliza. Mabati ya wajane yako wapi?"

Rweyemamu alicheka. "Wewe ni mjumbe. Utaniulizaje wewe? Mwenye kuuliza ni mgeni."

"Kwake niliuliza mimi. Nikishindwa kuuliza kwangu, basi nilikwenda kule kuwadhihaki."

Ssemanda akairudisha buni kikapuni, taratibu. Akavua miwani. "Ndilo swali langu pia," akasema. "Ninasubiri."

"Mabati mengine yalikuja yamepinda," Rweyemamu akasema. "Nimeyahifadhi."

"Umeyahifadhi wapi, tata?" Ilikuwa sauti ya Maulida, ndogo, kutoka nyuma.

Upepo wa ziwa huwa unapanda saa zile za alasiri. Haukuwa mkubwa, ila majani makavu ya migomba hayahitaji upepo mkubwa. Mafungu mawili yaliteleza kutoka ghalani, na jua likapiga bati. Hakuna aliyecheka. Watu walilitazama kwa mara ya kwanza pamoja, wakiwa wameinua nyuso, na Rweyemamu akawatazama wao. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Wageni waliandika walichoandika, wakasema watarudi baada ya mavuno kusikia jibu, wakaondoka bila kunywana na mtu.

Siku chache baadaye kondakta wa basi la kutoka Bukoba alishuka pale njia panda akimuulizia Kokuberwa. Mama Anasuya alikuwa amemtuma. Buberwa amefariki.

Kokuberwa alilia kama wanavyolia kwao, akijitupa chini, na majirani wakamshika. Lakini katikati ya kilio, akili yake ilikuwa kwenye gari. Walimwambia nenda kamwombe, mpigie magoti, ni mtu wa Mungu atakusamehe. Hakwenda. Aliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na kiburi, hilo alilijua mwenyewe. Alijisema vibaya usiku ule. Alijiita mpumbavu aliyemuuza mdogo wake kwa mabati ambayo hata si yake. Kabla hapajapambazuka vizuri alikuwa barabarani na khanga mbili na pesa za ukoo, akisimamisha malori. La kwanza lilimpita. La pili dereva aliuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Akamwambia. Lori likaondoka.

La tatu halikuwa lori. Ilikuwa pikapu ya buluu. Rweyemamu alifungua kamba ya mlango kutoka ndani, hakumtazama. "Panda," akasema.

Walipita Muhutwe. Walipoanza kuliona ziwa, ndipo Rweyemamu aliposema, "Ungekuja kwangu nyumbani, tungeyamaliza wawili."

"Tungeyamaliza, tata. Ndiyo maana sikuja."

Akabadili gia. "Ulidhani sitakuja kumchukua kijana?"

"Nilidhani."

"Basi umenionea," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa na jeraha la kweli. "Mabati ni mabati. Maiti haina kamati. Maiti inarudi nyumbani."

Kokuberwa akageukia dirishani akalia upya. Ingekuwa rahisi zaidi kama mtu huyu angekuwa mbaya mzima mzima. Angemchukia akapumzika. Sasa alimchukua akamweka moyoni pamoja na lile ghala lake, na vyote viwili vilikuwa vizito.

Hospitalini Mama Anasuya alikuwa amekwisha kuwahi, na sanda nyeupe ya dukani kwake, nzuri, hakutaka malipo. "Alikuwa anakunja vitambaa vizuri kuliko wanangu," akasema, akafuta macho kwa ncha ya sari. Wakamweka Buberwa nyuma, wakamfunika, wakarudi polepole kwa sababu ya mashimo. Rweyemamu hakuomba hata mafuta.

Walimzika kesho yake, karibu na baba yake, kati ya migomba, kama alivyotaka. Watu walikuwa wengi. Mzee wa ukoo alipomaliza kusema, akasema kwa kuwa marehemu hakuacha kaka wala mtoto, dada yake aseme neno. Kila mtu alikuwa amekwisha kujua ni pikapu gani iliyomleta, na kila mtu alijua kitakachofuata: mama atashukuru, atasema yaliyopita si ndwele, na habari ya mabati itazikwa shimo lilelile.

Kokuberwa alisimama juu ya udongo uliofukuliwa.

"Mdogo wangu ameuawa na UKIMWI," akasema. "Msije mkasema amerogwa, mkamsumbua mtu. Aliyemleta ni Rweyemamu. Nilisimama barabarani kama mbwa, madereva wakanipita. Yeye akasimama. Hakuomba kitu. Leo mdogo wangu analala karibu na tata kwa sababu yake, na nitamshukuru mpaka na mimi nitakapoletwa hapa."

Watu wakaitikia kwa sauti moja, wakapumua. Mwijage alikwisha kuanza kuvaa kofia yake.

"Na mabati ya wajane," Kokuberwa akasema, "bado tunayaulizia."

Rweyemamu alikuwa upande wa pili wa kaburi, jembe mkononi, maana yeye alikuwa mtu wa kufukia na vilevile wa kuleta. Alimtazama. Kisha akachota udongo kwa jembe, akaumwaga shimoni, akachota mwingine.

"Jumatatu," akasema bila kuinua uso. "Mje na ngazi. Yangu imevunjika."